Wali Uliochaguliwa Mara Tatu

Kule juu ghorofani, wanakokaa wanawake katika sinagogi, wote waliimba wimbo mmoja na Mama Matilda Soriano aliimba wake. Maneno yaleyale, sauti nyingine. Wenzake wakipanda, yeye anashuka. Wenzake wakimaliza, yeye bado ana kipande mkononi. Akiona kichwa kimegeuka kumtazama, anafumba mdomo. Baada ya muda kidogo unasikia tena, kule kooni, kama nyuki ndani ya chupa.

Mimi nilikaa kiti cha nyuma yake kwa sababu nilikuwa ndiyo miguu yake. Alikuwa na miaka themanini na kitu, goti moja bovu, na dini yake haimruhusu kupanda gari Jumamosi. Dini hiyohiyo haiwaruhusu wengine pia, lakini wao wanaegesha barabara ya pili, halafu wanakuja hatua za mwisho kwa miguu, uso mkavu kama watu waliotoka mbali. Mama Matilda hakuwa na gari la kuficha. Alikuwa na mimi.

Naitwa Blandina, mtu wa Kyela, darasa la saba. Durban nilikuja nikimfuata mwanaume. Mwanaume akaendelea na safari, mimi nikabaki. Hiyo inatosha. Habari hii ni ya Mama Matilda.

Kazi kwake niliipata kwa sababu ya simu. Nilikuwa nafagia ngazi za jengo lao pale Morningside huku nagombana na Laurette, Mkongo ninayekaa naye chumba kimoja Clairwood. Alikuwa amevaa viatu vyangu kwenda navyo saluni. Nampa maneno yake, na mimi nikigomba sina sauti ndogo. Mara mlango ukafunguka, akatoka bibi wa Kizungu, mfupi, kichwani kitambaa, akanisikiliza mpaka nikakata simu.

"Na yee anajibu namna gani?" akaniuliza.

Ufagio ulinitoka mkononi. "Shikamoo, mama."

"Shika nini?"

"Ni salamu. Wewe unaitikia marahaba."

"Kwetu ni jambo, inatosha. Kuya, ingia. Kahawa iko."

Kwao kulikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rodo. Nikamwambia Rodo nakijua, Paulo alipita hapo kwenye Matendo ya Mitume. Akasema hakumjua huyo Paulo, ila baba yake alipita Kongo akafungua duka la vitambaa. Ndugu zao waliobaki Rodo walichukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani, hawakurudi. Yeye nusura azaliwe dukani, akajifunza Kiswahili kabla ya Kifaransa, akaolewa na Mzee Vitali, na serikali ilipokuja kuchukua maduka ya wageni wakafunga masanduku na kushuka huku kwa ndugu wa mume.

Kiswahili chake kilibaki kilekile cha jikoni na dukani: bantu, bintu, iko, haiko. Ungefumba macho ungedhani ni mama wa sokoni Lubumbashi. Nilipompa Laurette simu waongee, Laurette alilia kabisa. "Ni nyanya yangu huyo, sauti moja!" Halafu akafuta machozi, akaniomba nimletee mafuta ya upako kutoka kwa Wayahudi. Nikamwambia wana mafuta ya kukaangia samaki, anataka lita ngapi?

Sasa, kule juu ghorofani jirani yake wa kiti alikuwa Mama Irene. Mama Irene ukoo wake ni wa nchi za baridi, Lithuania, kama karibu wote wa sinagogi lile. Mrefu, mkavu, ana pua kali na ulimi unaoifuata pua. Walikaa bega kwa bega miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Walizika waume zao mwaka mmoja. Walipeana pipi za koo bila kutazamana. Na waligombana, tena kwa kunong'ona, huku chini wanaume wanalitembeza gombo la Torati limevikwa nguo yake ya mahameli.

"Matilda, leo unaimba kama mwadhini."

"Na wewe unaimba kama friji, Irene. Mbona sikwambii?"

Ibada ikiisha tulishuka pamoja watu watatu. Mama Irene upande wa ukuta, Mama Matilda katikati, mimi upande wa barabara. Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, Mama Irene alikata kulia kwenda kwake, bila kuaga. Kuaga ni kwa watu ambao huenda wasionane tena.

Lakini siku ya Pasaka Mama Irene hakuwahi kula nyumbani kwa Mama Matilda, na hapo hakuna siri. Ni wali.

Wayahudi siku nane za Pasaka hawagusi kitu cha ngano iliyoumuka. Mkate, biskuti, hata makombo ya mfukoni wanayafuata kwa mshumaa. Mpaka hapo wako pamoja. Ila wale wa nchi za baridi wazee wao waliongeza: na mchele msile, na maharage, na mahindi. Wale wa Rodo wazee wao walisema mchele ni mchele, kuleni, mradi muuchague mara tatu isije ikawamo punje ya ngano. Basi kila mtu ana wazee wake. Wanaomba Mungu mmoja, wanazikwa makaburi mamoja, na mezani siku ya Pasaka wanaachana njia.

Zamani walikuwepo watu wa Rodo wengine hapa mjini, familia chache zilizopitia Kongo. Wengine wako makaburini, wengine wamefuata watoto Cape Town na Israeli. Mzee Vitali alipozikwa, Mama Matilda akawa ndiye peke yake mwenye wali. Tangu hapo kila mwaka alialikwa kwenye karamu ya pamoja katika ukumbi wa sinagogi. Nisiseme uongo, hawakumtupa. Walimweka meza ya wajane, wakampa mto wa kuegemea kama desturi ya usiku ule. Akirudi namuuliza, "Imekuwaje, mama?" Anasema, "Nimekula viazi."

Mwaka huu mtoto wake alipiga simu kutoka Australia. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee ya Kiyahudi, ng'ambo ya mji. Pazuri, pana manesi, pana chumba cha sala humohumo. Atahamia Pasaka ikiisha tu. Mama Matilda alisikiliza yote, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akauliza swali moja. Pasaka jikoni kule wanapika wali? Mtoto akacheka. Mama, nani apike wali? Jiko ni moja, la wote.

Na kutoka kule, kwa miguu hufiki kwenye sinagogi lake hata ukiwa na magoti yangu.

Alikaa na simu mapajani. Kisha akasema, "Blandina, Pasaka hii minakula hapa kwangu. Na mugeni moja."

"Nani?"

"Wa kule kwetu juu. Moja tu. Akuye akae pa meza yangu, aone vile tulikuwa tunafanya. Kisha wanipeleke fasi wanataka."

Tukaanza kuchagua mchele. Tulikaa dirishani kwenye mwanga, kitambaa cheupe mezani, sinia katikati. Mimi mchele naujua, nimekulia humo. Mchele wa kwetu ukiuchagua unapata chuya, mawe, na bahati yako ikiwa mbaya kifungo cha shati la mtu. Huu wa supamaketi punje zote zilikuwa sare kama watoto wa shule.

"Mama, humu hamna kitu. Umetoka kwenye mashine."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Mara tatu. Njo sheria." Akasukuma punje kwa kidole, moja moja, upande huu na upande ule. "Kwa mama yangu, wanamuke wote walikuwa wanakuya pa baraza, kila mutu na mchele yake. Siku nzima. Unafikiri tulikuwa tunatafuta ngano?"

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Tulikuwa tunasema bantu."

"Basi tuseme watu," nikamwambia. Tukamsema Mama Irene mpaka sinia la kwanza likaisha.

Alinisimulia pia habari za mpishi wao, Séverin, aliyezijua sala za Pasaka kuliko watoto wa nyumba. Kaka yake mdogo akisahau jibu, Séverin alimnong'oneza kwa Kiswahili kutoka mlango wa jikoni.

"Na yeye alikula wapi?" nikauliza.

"Mu kuzini."

"Pamoja na nyinyi?"

"Kisha sisi."

"Baada yenu, jikoni."

Alichagua punje kadhaa ambazo hazikuwa na haja ya kuchaguliwa. "Wewe utakaa pa meza," akasema.

"Sikuomba."

"Najua hukuomba."

Jumamosi iliyofuata akamwalika Mama Irene. Alingoja mpaka wanaume kule chini walipoanza kusimama na kukaa kwa ajili ya sala ndefu, akamsogelea sikio. Wao huongea Kiingereza. Nayaandika kama nilivyoyaelewa.

"Usiku wa kwanza wa Pasaka, uje kwangu."

Mama Irene hakutoa macho kitabuni. "Wali upo?"

"Upo."

"Na mimi nitakula nini?"

"Samaki. Yai. Nyama. Sahani nimekununulia mpya, haijaona wali hata kwa ndoto. Wewe hutaugusa, utautazama tu."

Mama Irene alifunua ukurasa, akaufunua tena akarudi alikotoka. "Nitafikiri," akasema.

Kwa mtu kama Mama Irene hilo ni jibu kubwa. Mama Matilda alirudi nyumbani ameshika mkono wangu kidogo tu, kama binti aliyeletewa posa. Njia nzima alinieleza samaki atapikwaje. Alikuwa ameshaamua mgeni anakuja, na hapo ndipo alipoharibu.

Maana jibu la "nitafikiri" lilimkosesha usingizi. Akaona alisaidie. Jumatatu akampigia simu rabi. Rabi wao ni kijana, ndevu nyekundu, watoto wengi, mpole, mtu wa kutaka kila mtu afurahi. Akamjibu palepale: inaruhusiwa kabisa. Mtu wa desturi ya Mama Irene anaweza kukaa meza yenye wali, akala kila kitu kingine, hakuna dhambi. Mama Matilda akashukuru sana. Na rabi, kwa wema wake uleule, akampigia Mama Irene kumpa habari njema.

Haikufika saa moja simu ikalia. Mama Matilda masikio yake mazito, kwa hiyo simu huwa inasema kwa nyumba nzima.

"Umenishtaki kwa rabi?"

"Sikukushtaki, Irene. Nimeuliza tu."

"Nani alikwambia mimi sijui kama inaruhusiwa? Nilijua kabla yule mtoto hajaota ndevu! Mama yangu hakukaa meza moja na wali siku ya Pasaka, basi, hiyo ndiyo sababu, na mama yangu hana simu rabi ampigie. Nilikuwa nafikiri, Matilda. Nilikuwa nafikiri vizuri kabisa. Ungeniacha nifikiri."

"Basi fikiri. Njoo."

"Sasa nikija, nitakuwa nimekuja kwa amri ya rabi, kama mtoto."

"Njoo kwa ajili yangu. Ni mwisho wangu hapa."

Nilidhani amekata. Kisha sauti ikarudi chini, bila pua. "Utoe wali mezani, nitakuja."

Mchele ulikuwa pale juu ya kabati, ndani ya chupa ya kioo, umefunikwa kitambaa na kufungwa uzi. Mama Matilda aliutazama. Mimi nilimfanyia ishara ya mkono, kubali, kubali.

"Siwezi, Irene."

"Basi Pasaka njema," akasema mwenzake, na safari hii simu ilikatika kweli.

Nilimkemea, siwezi kuficha. "Mama, wali si unafichwa? Unapikwa, unakaa jikoni, akiondoka mgeni tunakula. Shida iko wapi?"

"Nikienda kule kwa bazee, miaka yote inabakia itakuwa ya viazi," akasema. "Hii moja ni ya mama yangu. Siwezi kumuficha mama yangu mu kuzini."

Nikapanda kiti, nikaukaza ule uzi wa chupa.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka tulipanda ghorofani tukakuta kiti cha Mama Irene kitupu. Mwenyewe alikuwa ng'ambo, upande wa pili wa roshani, kati ya mama wawili ambao najua hawapendi. Katikati yetu kuna uwazi, na chini yake wanaume na mashuka yao ya sala. Mama Matilda aliweka kitabu chake juu ya kile kiti, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Siku hiyo hakuimba wimbo wake wala wao. Kuteremka tulikuwa wawili.

Usiku wa Pasaka ukafika. Kupika alipika mwenyewe, kwa desturi yao chungu lazima Myahudi akiweke motoni. Mimi niliruhusiwa kuosha, kukata na kukosolewa. Wali wa nyanya, mwekundu, umechambuka. Samaki kwa malimau. Mezani aliweka sahani tatu. Ile ya Mama Irene ilikuwa ya bluu, mpya, na karatasi ya dukani bado imebandikwa chini.

Aliwasha mishumaa kabla jua halijazama. Tukasubiri giza liingie, kwa sababu ndiyo kanuni yao. Giza likaingia. Tukaendelea kusubiri, na hiyo haikuwa kanuni.

"Tuanze, mama. Samaki anapoa."

"Samaki inaliwa baridi."

Gari likipita chini alinyanyua kichwa, ingawa usiku ule Mama Irene asingepanda gari kwa lolote. Mwishowe akafungua kitabu. Alisoma kwa Kiebrania, akasoma kwa ile lugha ya kwao ya Rodo, ya Kihispania cha zamani, ambayo hata Wayahudi wenzake wa sinagogi hawaijui. Alikunywa divai kidogo, mimi nikanywa juisi ya zabibu. Ikafika mahali akachukua mkate mkavu usiotiwa chachu, akaufunga kwenye leso, akanipa.

"Weka pa bega. Toka inje, funga mulango. Utapiga hodi, na mimi nitakuuliza. Unakumbuka majibu?"

Alikuwa amenifundisha wiki nzima. Kwao alitoka kaka yake mdogo. Anayetoka ndiye Israeli, amebeba mzigo wake. Aliye ndani anamuuliza maswali, akijibu vizuri anafunguliwa. Huo mchezo hauchezwi na mtu mmoja, hata uwe na akili kiasi gani. Ndiyo maana alitaka mgeni.

Nikatoka kwenye korido, kifurushi begani, nikapiga hodi.

"Ni nani?"

"Ni mimi Blandina!"

"Blandina haikutoka Misri! Anza tena!"

Nikapiga tena. "Ni nani?"

"Mwisraeli!"

"Unatoka wapi?"

"Misri."

"Sisikie!"

"MISRI!"

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoa kichwa mwanafunzi mmoja, mswaki mdomoni. Akaniuliza kwa Kiingereza kama niko salama, dada. Nikamwambia sharp, niko salama, natoka Misri tu. Akafunga mlango wake kwa funguo.

"Unaenda wapi?" ikauliza sauti ya ndani.

Maswali hayo mimi nimeulizwa sana katika nchi hii, dirishani kwenye ofisi za vibali, na sikuwahi kuwa na jibu linalompendeza aliyeuliza. Safari hii nilikuwa nalo. "Yerusalemu!"

Hapo alitakiwa kufungua. Hakufungua. Nikasikia ndara zake zimesogea, zimesimama upande wa pili wa ubao, na kitasa kimeguswa kikaachwa. Nilisubiri na mkate wangu begani. Taa ya korido ile hujizima yenyewe, ikazimika.

"Uko peke yako?" akauliza.

Hilo halikuwamo katika maswali.

"Niko peke yangu, mama."

Akafungua.

Tulikula. Nilikaa mezani kama alivyosema. Kiti cha Mama Irene hakuna aliyekigusa. Wali ulikuwa mtamu, chumvi imezidi kidogo, sikusema. Yeye alikula vijiko viwili, akaniambia nile, nile, nile. Mwishoni kabisa alianza kuimba, ule wimbo wake, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumtangulia wala wa kugeuza kichwa. Aliimba mpaka katikati, akaacha. Sijui kama alisahau. Wali uliobaki alinipa wote niende nao. Laurette aliula kesho yake amefumba macho, akingoja muujiza, akaniambia kwa wali wa Israeli ulihitaji pilipili.

Siku nyingine za Pasaka hakupika wali tena. Nilimuuliza, akasema mchele ule ulikuwa wa usiku ule.

Ya nane ikapita. Jioni hiyo jua limezama, nyota zimetoka, sikukuu imekwisha, nyumba imejaa maboksi na gari la kuhamisha linakuja asubuhi. Nikasikia mtu anapanda ngazi, anapumzika, anapanda. Mlango ukagongwa.

"Ni nani?" nikauliza.

"Irene! Nani mwingine apande ngazi hizi na nyonga kama hii?"

Akaingia na mkoba wake wa mkononi. Sikuwahi kumuona na mkoba, Jumamosi hawabebi kitu. Akatazama maboksi, akachagua moja, akakaa juu yake.

"Haya," akamwambia Mama Matilda. "Pasaka imekwisha. Nipe wali."

Mama Matilda alikuwa amesimama na gazeti mkononi, anafunga glasi. "Umekwisha."

"Wote?"

"Uliliwa usiku wa kwanza."

"Na nani?"

Akanitazama, akamtazama. "Na wageni," akasema.

Mama Irene aliona ile sahani ya bluu. Ilikuwa bado haijafungwa, juu ya meza, na karatasi yake chini. Aliigeuza, akaisoma ile karatasi kama barua, akairudisha. "Siku nane nimekula viazi, Matilda," akasema taratibu. "Hata mkate sijaonja bado. Nimekuja kwako moja kwa moja."

Mimi nikachukua pochi yangu nikashuka dukani.

Nilirudi na mchele wa kawaida kabisa, wa pakiti. Mama Matilda alikuwa ameshafungua boksi la vyombo na sinia liko mezani. Akaumwaga.

"Unafanya nini?" akauliza Mama Irene. "Pasaka imekwisha, unachagua nini?"

"Kaa hapa."

Mama Irene akavaa miwani. Hakuwahi kuchagua mchele maisha yake, alishika punje kwa kucha kama anayetoa mwiba. Waliinama vichwa viwili vyeupe juu ya sinia.

"Sioni kitu."

"Angalia tena."

"Hamna kitu humu, Matilda."

"Najua. Sasa mseme mtu."

"Nani?"

"Yeyote."

Mama Irene akafikiri, punje katikati ya vidole. "Rabi," akasema.

Nikaenda kuosha sufuria. Walimsema rabi, wakamsema mkewe, wakawasema wale mama wawili wa upande wa pili wa roshani, na walipofika kwa waume zao marehemu nilifungulia bomba zaidi nisisikie. Mama Matilda akapika. Mama Irene akala kwenye sahani yake ya bluu, wali wa kwanza wa Mama Matilda maishani mwake, akatafuna muda mrefu.

"Chumvi imezidi," akasema, akanyoosha sahani aongezwe.

Asubuhi gari likaja.

Nyumba ile ya wazee ni safi, sina neno. Mimi huenda mara mojamoja, kwa taxi mbili, ndizo daladala za huku. Mama Matilda hukaa dirishani, tunaongea Kiswahili, manesi wanadhani tunagombana. Ananiambia kule wanaimba haraka kama wanaokimbiza basi, na hakuna anayemgeuzia kichwa maana wengi hawasikii.

Jumamosi moja nilikuwa napita Morningside kwa shughuli zangu, saa wanayotoka sinagogini. Nikamuona Mama Irene anateremka peke yake. Alitembea upande wa ukuta, kashikamana nao kabisa, na pembeni yake ameacha nafasi ya mtu mmoja na nyingine ya mtu wa kumshika mkono. Aliponifikia akasimama.

"Wewe. Wa Matilda. Anaendeleaje?"

Nikamwambia hajambo, goti tu, na habari ya nyimbo za haraka.

"Mwambie siku hizi kule juu tunaimba wote sauti moja," akasema. "Hakuna anayekosea."

"Nitamwambia, mama. Atafurahi."

"Asifurahi," akasema Mama Irene. "Inachusha." Akafika kwenye robot, akakata kulia.